Siku Niliyohesabu Kondoo wa Paker

Nakumbuka siku moja, Jumamosi mchana, niliposimama mbele ya vijana wenzangu kumi na mmoja nikiwa na karatasi mkononi, nikasoma makosa ya rafiki yangu, kosa baada ya kosa, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo la kutotetemeka ndilo linalonishangaza hadi leo. Mimi ni mtu wa kutetemeka. Hata harusini nikipewa kipaza sauti magoti hugongana.

Keti vizuri, Naserian. Wewe ni mjukuu wangu, lakini leo nitakuita mwanangu, kwa sababu haya nilipaswa kumwambia mama yako zamani nikaona haya. Chai imo kwenye thamosi. Ukiona nimenyamaza katikati, usidhani nimesinzia, natafuta neno. Nilifundisha shule za Kajiado maisha yangu yote ya kazi, na sijaacha tabia ya kurudi nyuma ili mwanafunzi wa mwisho naye afike.

Rafiki huyo unamjua. Ni Njoroge, babu yake Wambui, yule mzee anayekuja hapa kwangu kila Jumapili baada ya kanisa na kulalamika kwamba chai yetu haina tangawizi. Umenisikia nikimwita Paker tangu ukiwa mtoto, na labda ulidhani ndilo jina lake. Sivyo. Kwetu Wamaasai, mtu akikupa kondoo kwa urafiki, mnaacha kuitana majina yenu. Wewe unamwita Paker, naye anakuita Paker, na jina hilo mnalibeba wote wawili mpaka mmoja azikwe. Kuliacha makusudi ni tusi, na hakuna anayelifanya kwa bahati mbaya.

Baba yake Njoroge alikuwa na duka mjini Kajiado. Aliwauzia wazee wetu sukari, majani ya chai, ugoro na mablanketi, na Kimaa chake kilikuwa cha kuchekesha. Njoroge na mimi tulisoma darasa moja. Siku moja nilishikwa na malaria njiani tukitoka shule, miguu ikakataa, naye akanibeba mgongoni mpaka zahanati, ingawa alikuwa mwembamba kuliko mimi. Baba yangu aliposikia alimpeleka zizini akamwambia achague. Akachagua kondoo jike mchanga mwenye kichwa cheusi. Nyuma ya duka hapakuwa na malisho, kwa hiyo kondoo wake alibaki kwetu. Akazaa, watoto wake nao wakazaa, wote wakichungwa na mama yangu na ndugu zangu pamoja na kundi letu. Dada yangu alipojifungua na mafuta ya kondoo yakatakiwa ya kumrudishia nguvu, Njoroge alituma ujumbe kwamba achinjwe wa kwake. Hakuna aliyekuwa amemwomba.

Basi tukaingia chuo kikuu pamoja, tukapewa chumba kimoja. Mimi nilikuwa mtoto wa mwinjilisti, na kanisa lilikuwa limenifika hapa kooni. Mwaka wa kwanza niliacha kwenda ibadani, na nilihakikisha kila mtu anajua nimeacha. Nilijiona nimemalizana na dini. Haikunichukua miezi mitatu kupata nyingine, na sikuitambua kwa kuwa haikuwa na kengele.

Tulikuwa kundi la wanafunzi, tukikutana kila Jumamosi. Tulikuwa na vijitabu vya jalada jekundu ambavyo tulivisoma kwa sauti, aya kwa aya, kisha Mwenyekiti wetu alitueleza maana yake. Mwenyekiti alikuwa kijana wa mjini mwenye ndevu chache alizozitunza sana. Tulikuwa na picha ukutani. Tulikuwa na nyimbo. Kabla ya somo, mmoja wetu alisimama akaungama: nilimwonea wivu mwenzangu mwenye redio, nilitamani viatu vya dirishani, ubepari bado uko ndani yangu, naomba mnikosoe. Wengine wakatikisa kichwa kwa huzuni. Halafu tulizungumza kuhusu ile Siku. Siku hiyo masikini wangeinuka, wenye mali wangeshushwa, na baada yake pasingekuwa na njaa wala jela wala machozi. Hakuna aliyejua tarehe yake, lakini kila mmoja wetu alikuwa na hakika itakuja, na habari yoyote ya gazetini, iwe mgomo au mafuriko, tuliisoma kama dalili yake.

Jengo la pili kulikuwa na kundi lingine lililosoma vitabu vilevile. Hao tuliwachukia kuliko matajiri wenyewe. Ungeniuliza tofauti yetu ilikuwa nini, leo siwezi kukwambia.

Lakini nisikudanganye kwa kuyafanya yote mzaha. Kilichotupeleka pale kilikuwa cha kweli. Nilikuwa nimeona mtoto wa jirani yetu akifa kwa ugonjwa ambao mtoto wa mkubwa fulani hutibiwa asubuhi na kucheza jioni. Nilikuwa nimeona wazee wasiojua kusoma wakiweka dole gumba kwenye karatasi, na mwaka unaofuata kuna waya mahali ng'ombe wao walipokuwa wakipita. Hasira ile ilikuwa ya haki, na bado ninayo. Ninachojiuliza miaka yote hii ni njia gani ilipitia. Ilitokaje kwa mtoto yule wa jirani ikafika kwa Njoroge?

Njoroge alihudhuria kwa sababu mimi nilihudhuria. Alikaa nyuma na kuuliza maswali ya mtu wa dukani. Nani atapanga bei? Mtu akikosea hesabu ya mahindi ya nchi nzima, watu watakula nini wakingoja arekebishe? Mwanzoni Mwenyekiti alimjibu. Baadaye aliacha kumjibu akaanza kumtazama. Mwishowe alimwambia asimame mbele yetu aseme kwamba baba yake, mwenye duka, ni adui wa wananchi.

"Mzee wangu si adui wa mtu," Njoroge akasema. "Njooni Kajiado muone. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi, na saa zingine amelala juu ya magunia."

Akakataa katakata. Mimi, rafiki yake, nikapewa kazi ya kumwandikia mashtaka, na nakwambia kwa aibu, mwanangu, nilifurahi kuchaguliwa.

Yalikuwa matatu. Kwamba baba yake anaishi kwa jasho la wafugaji. Kwamba amekataa kumkana. Na la tatu nililiongeza mwenyewe ili yatoshe: kwamba yeye Njoroge ana kondoo kumi na wanne ambao hawachungi kwa mikono yake, anachungiwa na maskini.

Maskini hao walikuwa mama yangu na ndugu zangu. Kondoo hao walitokana na yule mwenye kichwa cheusi. Wazee wetu hawapendi kuhesabu mifugo hadharani, na mimi niliwahesabu mbele ya watu wa mjini ambao hawajawahi kumshika kondoo sikio. Tena nilimwita kwa jina, Njoroge, si Paker, kwenye kila kosa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ni ukweli, niko na kondoo kumi na wanne. Paker anawajua wote, mmoja mmoja."

Hakuna mwingine mle ndani aliyejua Paker ni nini. Akachukua sweta yake akatoka, na sisi tukaimba.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemsalimia. Ilikuwa ni amri, ingawa haikutamkwa. Akija mezani na sahani yake, tulihama. Nililala chumba kimoja naye wiki tano bila kumwambia hata habari ya asubuhi. Muhula ulipoisha alibeba sanduku lake na hakurudi tena chuoni. Alikuwa na kichwa cha hesabu kuliko sisi sote, mwanangu. Hiyo digrii hajaipata mpaka leo.

Likizo ya Desemba nikaenda nyumbani, nje kidogo ya Kajiado. Baba yangu, yaani babu ya mama yako, nilimkuta zizini asubuhi akitoa kupe kwenye masikio ya kondoo. Hata kabla sijaketi akauliza, "Paker yuko wapi?"

Nikamwambia simwiti hivyo tena. Nikamweleza yote, kwa kiburi, nikitumia maneno makubwa ambayo Kimaa hakina, na kila nilipokwama nikasema neno la Kizungu kwa sauti ya juu. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa. Nilitaka anikaripie ili nami nimkaripie.

Hakunikaripia. Alivutiwa. Aliacha kupe, akaketi kwenye jiwe, akaniuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake.

"Mnaimba?"

"Tunaimba."

"Mna kitabu?"

"Vingi."

"Mtu akikosa, anaungama mbele ya wenzake?"

"Ndiyo."

"Na hiyo Siku yenu. Ikichelewa, mtasema kitabu kimekosea?"

"Kitabu hakikosei," nikamjibu. "Ni sisi tutakuwa tumekisoma vibaya."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hata sisi husema hivyohivyo," akasema. "Basi nimekuelewa, mtoto. Nilidhani umeacha dini. Umehama kanisa tu. Sasa niambie, kwenu mtu aliyetolewa nje, anarudi kwa njia gani?"

Nikasema harudi. Nikasema historia haimhurumii mtu.

"Historia ni nani?"

Nilikuwa nimesoma vitabu vyote vile, na sikuwahi kuulizwa swali hilo. Nilikuwa nimemtaja huyo Historia kila Jumamosi: anataka hivi, anakataza vile, atatuhukumu, ametuchagua. Baba alingoja jibu kwa hamu ya kweli, akinitazama machoni. Alipoona halipo, akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia.

Alisema alipobatizwa akiwa kijana, alijiona msafi kuliko boma zima. Aliacha kunywa maziwa kwenye kibuyu cha nyumbani, kwa sababu wenye kibuyu hawakuwa wameokoka. Alipokuwa akiondoka kwenda kusomea uinjilisti, baba yake mzazi, mzee wa zamani asiyejua kanisa, alimwita ambariki kama wazee wanavyobariki, kwa kumtemea mate kifuani.

"Nikajifuta," baba akasema. "Mbele ya wazee, kwa mkono wa shati langu jipya. Niliporudi alikuwa ameshakufa. Nimehubiri msamaha miaka thelathini, Daniel, na kila nikihubiri namwona mzee akiangalia ule mkono wa shati." Kisha akasema, "Mungu wangu hakuniagiza nijifute. Hayo niliongeza mwenyewe. Nawe kwenye karatasi yako, yapi uliongeza mwenyewe?"

Akarudi kwa kupe zake. Kondoo aliyekuwa amemshika alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne.

Ningependa kukwambia niliinuka palepale nikamfuata Njoroge. Hapana. Nilirudi chuoni, Jumamosi nikaenda kundini, lakini swali la baba lilikuwa limenikaa. Ulipofika wakati wa maswali nikauliza, kwa nia njema kabisa, mtu tuliyemfukuza anaweza kurudi kwa njia gani. Mwenyekiti akaandika kitu kwenye daftari lake.

Wiki mbili baadaye karatasi ikasomwa, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa langu. Kosa langu lilikuwa mabaki ya fikra za kidini. Niliposikia hivyo nilitaka kucheka, lakini niliziangalia nyuso zao nikaona wako makini, na wawili walikuwa wanalia kwa uchungu wa kunipoteza. Hawakuwa watu wabaya, Naserian. Huo ndio ugumu wa jambo lenyewe. Kesho yake nilikwenda mezani na sahani yangu, nao wakahama. Nilikula ugali ule peke yangu nikijua ladha aliyoionja Njoroge wiki tano.

Niliona haya karibu mwaka mzima kabla ya kumtafuta Njoroge, nikampata Magadi. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha magadi, kazi ya kubeba na kupakia, akiishi kwenye nyumba za kampuni zilizopangwa mstari, kwenye joto ambalo mbwa hawabweki mchana. Nilimkuta nje akifua shati la kazi lililokauka likawa gumu kwa chumvi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikamsalimia tu kwa Kimaa, "Sopa, Paker."

Akaniangalia. "Ipa," akajibu. "Karibu, Daniel."

Alinipa maji, akanipikia, akanipa kitanda chake akalala chini. Nilimwomba msamaha nikilia. Akasema, "Nimesikia. Nimekusamehe, na sina maneno na wewe. Lakini uliwahesabu wale kondoo, Daniel. Ungesema kuhusu duka, ningesahau. Wale walikuwa wako na wangu."

Tukaendelea kuwa marafiki. Tuliandikiana barua, nilikwenda kumzika baba yake, yeye akaja kwa harusi yangu akacheza kuliko ndugu zangu. Kondoo wake waliendelea kuchungwa kwetu. Lakini aliniita Daniel. Mwaka baada ya mwaka, Daniel. Mimi nilimwita Paker, naye akaitika kwa adabu, kisha akasema Daniel. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua kwamba kusamehewa ni siku moja, na kurudi ni safari, na ile safari nilikuwa naitembea.

Kisha mama yako akazaliwa. Tulikuwa tumehamia hapa Kitengela, kukiwa bado na nafasi ya swala kupita. Siku ya nne baada ya kujifungua nikaona mtu anakuja kwa miguu kutoka upande wa Noonkopir, anavuta kondoo dume mnene kwa kamba, jasho linamtoka, na kondoo anakataa kutembea. Akafika mlangoni, akanikabidhi ile kamba.

"Paker," akasema, "huyu ni wa mama mtoto."

Nilishindwa kushika kamba. Kondoo akakimbia, tukamkimbiza wazee wawili watarajiwa katikati ya mashamba ya watu, tukicheka na mimi nikilia. Nyanya yako alipata nguvu kwa mafuta yale, na mama yako akanyonya, kwa hiyo hata wewe usijione uko nje ya hadithi hii.

Sasa nije kwako. Unajua kwa nini nimekuita.

Kundi lenu la vijana la mtaa wa Kware nimelisikia, na mambo mnayoyapigania mengi yana haki. Soma. Andamana. Uliza wakubwa maswali mpaka washike vichwa. Sitaki ufanane na wale wanaojenga ukuta mrefu kisha wanasema hawaoni njaa. Lakini wiki tatu zilizopita uliandika kwenye simu, watu wote wasome, kwamba Wambui ni mtoto wa landilodi, anakula jasho la wapangaji, hafai kukaa nanyi. Nyumba ya babake uliyoitaja ndiyo ulimolala mwaka wako wa kwanza wote, kwa sababu Wambui alimwambia babake hawezi kulala pazuri wewe ukihangaika. Umeongeza mwenyewe, mwanangu, kama nilivyoongeza. Wambui amerudi kwao Noonkopir na godoro lake, na haendi darasani. Jumapili babu yake alikunywa chai yangu bila kulalamika. Nilijua kuna jambo. Akauliza, "Paker, wasichana wetu wako na shida gani?" Ndipo nikakuita.

Nasaha yangu ni hii, na sina nyingine. Usiogope kuamini kitu kikubwa, moyo wa mtu unatafuta pa kuinamia, na ukiufungia mlango mmoja utapita dirishani. Lakini kila utakapokaa na watu wanaongoja Siku, wawe na msalaba au na bendera, waulize alichoniuliza baba yangu: aliyetolewa nje anarudi kwa njia gani? Waulize kwa upole, kama mtu anayetaka kujua. Wakikuonyesha njia, kaa nao, fanya kazi nao, nitakuja hata mimi na fimbo yangu. Wakiandika jina lako kwenye daftari, umeshapata jibu. Na usimtaje Historia kama mtu unayemjua. Historia haijawahi kumbeba mtu mgongoni kumpeleka zahanati. Njoroge alinibeba.

Kutoka hapa hadi kwa kina Wambui ni dakika ishirini kwa miguu. Huenda hatafungua. Huenda atafungua na asikuite jina unalolipenda kwa muda mrefu. Nenda tu. Mimi nilipoteza mwaka nikiona haya, na Njoroge akapoteza digrii. Wambui bado yuko mwaka wa pili, anaweza kurudi darasani Jumatatu.

Kabla hujaenda, sogea. Karibu zaidi, macho yangu si ya jana. Mungu wa baba yangu na wa baba yake akupe miguu isiyochoka na moyo unaouliza. Akupe rafiki wa kukuzika na wa kukuzalia furaha. Mdomo wako upate ujasiri mbele ya wenye nguvu, na upate haya mbele ya aliyekutendea mema. Ulikokosea, upate njia ya kurudi.

Haya, nimekutemea mate ya baraka hapo kifuani. Blauzi ni nzuri, naiona. Usijifute.